Siku za ziada baada ya Mara: Jinsi ya kuamua pa kwenda

ZIARA nyingi za kuongozwa nchini Kenya hufikia kilele chake katika mbuga ya Maasai Mara, Kaunti ya Narok. Kwa siku mbili au tatu, msafiri huamshwa alfajiri, huzungushwa mbugani, huketishwa mezani na kuonyeshwa pa kulala, yote kwa ratiba iliyopangwa na mtu mwingine. Kisha asubuhi moja gari hutoka katika lango la Sekenani, na maamuzi yote humrudia mwenyewe.

Kwa aliyebakisha siku chache kabla ya kurejea kazini au kupanda ndege, swali ni moja: azimalizie wapi?

Swali hilo si la wageni wa ng'ambo pekee. Siku hizi vyama vya akiba, makanisa na makundi ya wafanyakazi hukodi magari na kwenda Mara pamoja, na baadhi ya wanachama huamua kutorudi nyumbani moja kwa moja. Hao ndio wenye mengi ya kupoteza. Fedha zilizowekwa kidogo kidogo mwaka mzima zaweza kuishia kwenye nauli, na likizo ikamalizikia kwenye kiti cha matatu.

Kosa la kawaida ni kutaka kuona kila kitu. Msafiri mwenye siku tatu hupanga Naivasha, Mombasa na Malindi, akasahau kwamba mshika mbili moja humponyoka. Uamuzi mwema huanza kwa hesabu, wala si kwa picha za kupendeza.

Hesabu ya siku

Siku ya ziada ni ile ambayo msafiri ameamka mahali na atalala papo hapo. Siku ya kuhama haihesabiwi, kwa sababu humezwa na njia. Kutoka Mara hadi Nairobi kwa gari ni mwendo wa saa tano au zaidi, na kutoka Nairobi hadi Mombasa kwa reli ya kisasa (SGR), iliyozinduliwa mwaka wa 2017, ni takriban saa tano au sita nyingine.

Kwa hivyo, mwenye siku tatu anayekwenda Pwani kwa nchi kavu hutumia siku ya kwanza kwenda na ya tatu kurudi. Iliyobaki ni moja. Akikumbana na msongamano wa magari au akikosa tiketi ya treni, hata hiyo moja huwa mashakani.

Kanuni ya kufuata ni nyepesi: mwenye siku moja au mbili abaki Bonde la Ufa, mwenye tatu aweza kuelekea magharibi, mwenye nne au tano ashuke Pwani, na anayetaka Lamu kwa njia yoyote isiyo ndege awe na wiki nzima, au aiache hadi safari nyingine.

Jambo la pili la kujiuliza ni kile ambacho ziara haikumpa. Mbugani Mara, mgeni hukaa ndani ya gari kutwa. Huona simba na nyumbu, lakini hatembei kwa miguu yake wala hapati nafasi ya kuzungumza na wenyeji bila haraka. Siku za ziada zinapaswa kujaza pengo hilo, si kurudia yale yale. Kuongeza siku ndani ya Mara kwenyewe ni ghali pia, kwani ada ya kiingilio hutozwa upya kila siku.

Naivasha: kutembea baada ya kuketi

Kwa wengi, Naivasha ndiyo jibu la karibu. Mji huo uko kilomita 90 hivi kutoka Nairobi, na anayetoka Narok huweza kuufikia kupitia Mai Mahiu bila kuingia jijini.

Mbuga ya Hell's Gate, iliyotengwa mwaka wa 1984 na yenye ukubwa wa kilomita 68 mraba, ni miongoni mwa mbuga chache nchini ambamo mgeni huruhusiwa kutembea kwa miguu au kuendesha baiskeli kati ya pundamilia, twiga na swala. Baiskeli hukodishwa na vijana wa eneo hilo. Karibu na hapo kuna mitambo ya Olkaria inayozalisha umeme kutokana na mvuke wa ardhini.

Hata hivyo, korongo la mbuga hiyo limewahi kugeuka mtego. Aprili 2012 na tena Septemba 2019, mafuriko ya ghafla yaliwasomba wageni waliokuwa wakilizuru na kuua watu. Maji hayo huweza kutoka mvua iliyonyesha mbali, huku anga la hapo likiwa jeupe. Kila mgeni aulize langoni iwapo korongo limefunguliwa, na asikubali kushawishiwa kuingia kisirisiri.

Ziwani nako, viboko hutoka majini kula nyasi usiku. Anayelala kando ya ziwa asitembeetembee ufuoni baada ya giza kuingia.

Magharibi: njia wanayoisahau wengi

Mjini Narok barabara zinaachana. Magari mengi ya watalii hugeukia mashariki kurudi Nairobi. Ni machache yanayogeukia magharibi kupitia Bomet, ambako kunafuata mashamba ya chai ya Kericho na hatimaye Kisumu. Safari hiyo huchukua nusu siku au zaidi kidogo, na matatu hupatikana kila mji.

Kisumuni, mgeni hupanda mashua katika ufuo wa Dunga, akatazama wavuvi wakirejea na akala samaki kwa ugali papo hapo. Anayependa historia aweza kufika Thimlich Ohinga, Kaunti ya Migori. Hapo pana kuta za mawe zilizopangwa bila saruji wala udongo wa kuunganishia, zinazokadiriwa kujengwa karne ya 16. Shirika la Umoja wa Mataifa la Elimu, Sayansi na Utamaduni (UNESCO) liliziorodhesha kuwa Turathi ya Dunia mwaka wa 2018. Mbuga ya Ruma, Kaunti ya Homa Bay, ndiyo makao ya mwisho nchini ya korongo, yule mnyama wa jamii ya swala mwenye pembe zilizopinda kwa nyuma.

Kaskazini mwa Kisumu upo msitu wa Kakamega, sehemu ya pekee iliyosalia nchini ya misitu ya mvua iliyowahi kuenea hadi Afrika ya Kati. Vijana wa vijiji jirani wamepokea mafunzo ya kuwaongoza wageni. Wanajua miti ya dawa kwa majina yake na ndege kwa milio yao. Alfajiri juu ya kilima cha Lirhanda, ukungu ukiwa bado umeulalia msitu, mgeni hutambua kwamba Kenya si nyika pekee. Mvua hunyesha mara nyingi alasiri, kwa hivyo matembezi yafanywe asubuhi.

Pwani: chagua kipande kimoja

Pwani ni ndefu, na mwenye siku nne hawezi kuimaliza. Achague kipande kimoja.

Anayetaka mji na historia abaki Mombasa. Ngome ya Yesu, iliyojengwa na Wareno kati ya 1593 na 1596, iliorodheshwa kuwa Turathi ya Dunia mwaka wa 2011. Kando yake kuna Mji wa Kale, ambao huzungukwa vizuri zaidi kwa miguu na bila papara.

Anayetaka ufuo mweupe aelekee kusini, Diani. Huko si mchanga na bahari tu. Karibu na hoteli hizo upo msitu mtakatifu wa Kaya Kinondo, mojawapo ya kaya za Wamijikenda zilizotambuliwa na UNESCO mwaka wa 2008. Wageni huingia wakiongozwa na wenyeji, hufungwa kaniki nyeusi, na hawaruhusiwi kuchukua chochote, hata kijiti. Bara zaidi, katika milima ya Shimba, ndiko pekee nchini anakopatikana palahala porini.

Anayetaka vyote kwa umbali mdogo aende Watamu, zaidi ya kilomita 100 kaskazini mwa Mombasa. Hapo, kwa siku mbili, hufika magofu ya Gedi, mji wa Waswahili uliohamwa karne ya 17 na ulioingia katika orodha ya Turathi za Dunia mwaka wa 2024. Msitu wa Arabuko-Sokoke, ambao una bundi mdogo asiyepatikana ila sehemu chache sana duniani, uko jirani. Aidha, Mbuga ya Bahari ya Watamu imehifadhiwa tangu 1968.

Lamu ni hadithi nyingine. Mji wake wa kale, ulioorodheshwa mwaka wa 2001, ndio unaosemekana kuhifadhika vyema kuliko miji yote ya Waswahili Afrika Mashariki. Punda bado hubeba mizigo katika vichochoro vyake. Ndege hutua kisiwani Manda, na abiria huvuka kwa mashua. Wanaokwenda kwa basi kupitia Garsen wanapaswa kufahamu kwamba barabara hiyo imewahi kushambuliwa mara kadhaa tangu mauaji ya Mpeketoni ya Juni 2014. Waulize hali ya usalama siku hiyo hiyo ya safari, si wiki moja kabla.

Pepo na mvua

Msimu huweza kubatilisha mpango mzuri. Nyumbu huvuka mto Mara hasa kati ya Julai na Oktoba, na huo ndio wakati wageni hufurika. Lakini sehemu kubwa ya miezi hiyo ni ya upepo wa kusi. Bahari huchafuka na maji hayawi maangavu kwa wanaotaka kutazama samaki na matumbawe. Aliyefuata nyumbu mwezi Agosti asishangae akiikuta bahari imekasirika. Gedi na Ngome ya Yesu hazijali upepo, na wakati huo ndio nyangumi hupita katika maji ya Pwani wakielekea kuzaa.

Kaskazi inapovuma, Desemba hadi Machi, bahari hutulia na maji hung'aa, ila bei za hoteli hupanda wakati wa Krismasi na Pasaka. Masika, kati ya Machi na Mei, bei hushuka na baadhi ya hoteli za Pwani hufunga milango kwa ukarabati. Barabara za udongo nazo hugeuka tope.

Mambo ya kumaliza kabla ya safari

Kwanza, mkataba wa ziara. Kampuni nyingi huhesabu Nairobi kuwa mwisho wa safari. Anayetaka kushukia Narok au Mai Mahiu aeleze mapema, na makubaliano hayo yaandikwe. Aulize pia iwapo bima aliyokatiwa hukoma siku ziara inapokwisha. Mara nyingi huwa hivyo.

Pili, mizigo. Ndege ndogo zinazotua viwanja vya Mara kwa kawaida huruhusu kilo 15 kwa kila abiria, tena katika begi laini. Sanduku kubwa liachwe Nairobi.

Tatu, malipo. Mbuga zinazosimamiwa na Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS) hazipokei pesa taslimu langoni. Ada hulipwa kwa njia ya eCitizen. Mwananchi abebe kitambulisho, kwani bila hicho huenda akakosa ada nafuu ya Wakenya. Tiketi ya Maasai Mara haifai kwingine, kwa kuwa mbuga hiyo iko chini ya Kaunti ya Narok.

Nne, afya. Malaria ni tishio kubwa zaidi Pwani na kando ya Ziwa Victoria kuliko Nairobi au Naivasha. Chandarua na ushauri wa daktari kabla ya kuondoka ni gharama ndogo ikilinganishwa na siku tatu kitandani.

Mwenyeji apone

Lipo jambo jingine linalostahili kupimwa, nalo ni mahali fedha zinapoishia. Katika ziara ya kuongozwa, malipo hufanywa kwa pamoja, na msafiri hajui ni kiasi gani kilimfikia mpishi au mwelekezi. Siku za ziada ni tofauti. Hapo mgeni humlipa mwenye baiskeli mkononi, nahodha wa mashua mkononi, na mama wa nyumba ya wageni mkononi. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone, na ni katika siku hizo chache msemo huo hutimia wazi.

Lakini mwenyeji hupona pale mgeni anapotulia. Anayelala usiku mmoja kila mji huwaachia madereva na vituo vya mafuta sehemu kubwa ya fedha zake, naye hurudi nyumbani akiwa na picha nyingi na kumbukumbu chache. Anayekaa siku mbili mahali pamoja hujulikana kwa jina, huonyeshwa njia isiyo katika ramani, na hupunguziwa bei bila kuomba.

Basi uamuzi ufanywe kabla gari halijafika Narok. Pale barabara zinapoachana, msafiri awe tayari anajua ana siku ngapi kamili, ni msimu gani, na ni kitu gani alichokosa mbugani. Akiwa na majibu hayo matatu, ataushusha mkoba wake bila wasiwasi na kupanda matatu inayokwenda anakokutaka.