Viatu na Vifaa vya Mahujaji wa Camino de Santiago

Viatu na vifaa vya mahujaji wa Camino de Santiago ni mavazi na mizigo ya mtu anayekwenda kwa miguu hadi kanisa kuu la Santiago de Compostela, kaskazini-magharibi mwa Hispania, ambako Wakristo wengi huamini ndiko lilipo kaburi la Mtume Yakobo. Njia mashuhuri kuliko zote, Camino Francés, huanzia Saint-Jean-Pied-de-Port nchini Ufaransa. Ina urefu wa takriban km 780, mwendo wa siku 30 hadi 35 kwa walio wengi. Maradhi ya kawaida ya njia hii ni malengelenge, maumivu ya visigino na magoti, na mengi huanzia kwenye uchaguzi uliofanywa nyumbani kabla ya kuondoka.

Historia

Codex Calixtinus, mkusanyo wa maandiko ya karne ya 12, una hotuba ndefu inayoeleza vifaa viwili vya lazima kwa mhujaji: mfuko na fimbo. Mfuko ulitakiwa uwe mdogo, wa ngozi ya mnyama, na mdomo wake usifungwe. Udogo wake ulionyesha kwamba mwenye nao anamtegemea Mungu wala si akiba yake, na uwazi wake kwamba alichonacho ni cha kugawana na maskini. Fimbo ilihesabiwa kuwa mguu wa tatu, na ilitumika kufukuza mbwa na mbwamwitu. Kwa maji kulikuwa na kibuyu.

Mkusanyo huohuo unataja soko lililokuwa mbele ya mlango wa kaskazini wa kanisa kuu, ambako viliuzwa makombe ya baharini, viriba vya mvinyo, viatu, mifuko ya ngozi, mikanda na dawa za mitishamba. Viatu vilihitajika sana hapo, maana mhujaji wa zama hizo alikuwa bado na safari ya kurudi kwao kwa miguu. Kombe lilikuwa alama ya aliyefika. Siku hizi hufungwa kwenye begi tangu siku ya kwanza.

Viatu

Mahujaji wa leo huvaa buti za ngozi zinazofunika kifundo, raba nyepesi zenye soli ya meno, au sandali zenye mikanda imara. Buti hukinga kifundo kwenye mawe, lakini ni nzito na zikilowa hazikauki upesi. Raba nyepesi zinatosha kwa sehemu kubwa ya Camino Francés, ambayo kwa wingi ni barabara za vumbi, njia za mashambani na lami. Buti huonyesha faida yake mahali pachache: siku ya kwanza, njia inapopanda milima ya Pyrenees hadi meta 1,400 na zaidi kisha kuporomoka kuelekea Roncesvalles; mteremko wa mawe wa Alto del Perdón; na ule wa kutoka Cruz de Ferro, kwenye meta 1,500 hivi, hadi Molinaseca, karibu na meta 600.

Saizi ina uzito kuliko aina. Mguu uliotembea km 25 huvimba, na ukivimba siku baada ya siku hauko tena sawa na ule uliopimwa dukani. Kwa hiyo kiatu hununuliwa nusu saizi au saizi nzima zaidi, kikapimwa jioni, mguu ukiwa na soksi ileile ya safari. Mbele ya kidole kirefu kuliko vyote ibaki nafasi ya upana wa kidole gumba. Pasipo nafasi hiyo, kila mteremko husukuma vidole kwenye ncha ya kiatu, na kucha huwa nyeusi na kung'oka. Dawa nyingine iko kwenye kamba. Matundu mawili ya juu kabisa ya kiatu, ambayo wengi huyaacha wazi, hutengenezewa kitanzi kila upande. Kamba huvukishwa, ikapenyezwa katika kitanzi cha upande wa pili, kisha ikakazwa. Hapo kisigino hukaa mahali pake na mguu hauserereki mbele.

Kiatu kipya ni kosa kubwa, hata kiwe cha bei gani. Kinapaswa kuvaliwa wiki kadhaa kabla ya safari, mvaaji akiwa na begi lenye mzigo mgongoni. Raba ya mtumba nayo, hata ikionekana nzima, soli yake imekwisha kulika kwa mwendo wa mwenyewe wa kwanza, na humlazimisha wa pili kukanyaga kama yule. Kiatu chenye utando wa kuzuia maji kinafaa kwa manyunyu ya Galicia, jimbo la Santiago, ila kwenye jua la Meseta, nyanda kati ya Burgos na León, jasho hubaki ndani. Katika nyumba za mahujaji viatu huachwa mlangoni, kwenye rafu, na siku ya mvua rafu nzima hujaa viatu vilivyoshindiliwa magazeti. Karatasi hunyonya maji. Hubadilishwa kabla ya kulala, na alfajiri kiatu kinavalika.

Soksi na malengelenge

Lengelenge hutokea pale ngozi inaposhikwa na soksi wakati mfupa wa ndani unaendelea kusogea. Tabaka za ngozi huachana na maji huingia kati. Jasho hulainisha ngozi na kuharakisha jambo hilo. Soksi za pamba hazifai, kwa sababu hushika unyevu. Za sufu ya merino, au jozi mbili zilizovaliwa pamoja moja nyembamba ndani, hupunguza msuguano. Wengine hupaka mafuta ya mgando kila asubuhi. Mahali panapoanza kuchoma hapangojewi hadi kituo kinachofuata: kiatu huvuliwa palepale, mguu ukakaushwa, plasta ikabandikwa. Desturi ya kupitisha sindano na kuuacha uzi ndani ya lengelenge bado ina wafuasi, ingawa uzi huo huingiza vijidudu na madaktari hawaupendi.

Begi na uzito

Kanuni inayorudiwa sana ni kwamba mzigo usizidi asilimia 10 ya uzito wa mwili. Mtu wa kilo 65 abebe kilo 6.5. Begi la lita 30 hadi 40 lenye mkanda wa kiunoni linatosha, na mkanda huo ndio unaohamisha uzito kutoka mabegani. Nguo ni jozi mbili au tatu, moja mwilini na nyingine ikikauka, pamoja na kipande cha sabuni na pini za kuanikia soksi juu ya begi. Maji ni kilo moja kwa lita. Vijiji vingi vina bomba, lakini baada ya Carrión de los Condes kuna km 17 hivi bila kijiji, na hapo chupa hujazwa. Mfuko wa kulalia uwe mwepesi. Kunguni wapo katika nyumba za kulala.

Fimbo za kisasa

Fimbo za kisasa huja jozi, za kukunjika. Huyapunguzia magoti mzigo kwenye miteremko.

Hija nyingine

Katika hija ya Makka, mwanamume aliyehirimia havai kiatu kinachofunika vifundo. Mlima Croagh Patrick wa Ireland, meta 764, baadhi huupanda pekupeku. Kati ya Najaf na Karbala nchini Iraq, km 80 hivi, wenyeji hulisha mahujaji wa Kishia wa Arubaini na kuwakanda miguu, hivyo mizigo ni midogo. Wanaokwenda Namugongo, Uganda, kwa sikukuu ya mashahidi tarehe 3 Juni hutoka pia Kenya, Tanzania na Rwanda. Raba na ndala ndivyo viatu vyao vya kawaida, na wengi hurudi na dumu la maji ya huko.

Hali ya sasa

Mwaka 2023 ofisi ya mahujaji ya Santiago iliandikisha zaidi ya watu 440,000. Cheti hutolewa kwa aliyetembea angalau km 100 za njia, na wengi huanzia Sarria. Zipo kampuni zinazosafirisha mabegi kwa gari kutoka kituo hadi kituo, lakini nyumba za mahujaji za serikali ya Galicia hazipokei begi lililotangulizwa.