Muziki Unaofika kwa Mashua

Historia ya muziki wetu huwa inaandikwa kutoka ukumbini. NUTA Jazz, 1964. Mlimani Park, 1978. Nani alihama bendi ipi, nani alipiga solo. Ni historia tamu na naipenda, ila haina nafasi kwa Jibondo, kisiwa kidogo cha Mafia ambako hata maji ya kunywa watu wameyafuata kwa mashua miaka nenda rudi. Ukumbi wa dansi ungeanzia wapi?

Kule muziki ulifika kwa redio, na redio ilitaka betri. Fundi mmoja wa mashua, mzee aliyevuka sabini, aliniambia zikichoka walizianika juani ili zimalizie kipindi cha usiku. "Mwanangu, ukiwasha redio mchana unaonekana mharibifu." Nilicheka, halafu nikawaza: basi kijana wa miaka ya 1970 alisikia kile tu ambacho Redio Tanzania Dar es Salaam ilikubali kurekodi. Nchi haikuwa na kiwanda cha santuri. Bendi zilirekodi studio za redio, mashairi yakiwa yamepitiwa kwanza, na santuri nyingi zilitengenezwa Nairobi.

Na wakubwa hawakuishia kwenye mashairi. Mwaka 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana, vita dhidi ya sketi fupi, mawigi na suruali za kubana. Mwaka uliofuata muziki wa soul ukapigwa marufuku Dar es Salaam. Nilimuuliza mzee kama na wao walisumbuliwa. Akaniangalia kama mtoto. Suruali ya kubana mtu aivae apandie mlingoti?

Kilichovunja kufuli, kwa maoni yangu, ni kaseti kuliko hata redio binafsi zilizoanza 1994. Chukua mchiriku wa Uzaramoni, na vile vinanda vidogo vya Casio na spika za kupaza kelele. Redioni ulikuwa haupigwi kabisa au unapigwa kwa kuonewa huruma, lakini kanda zake zilizunguka. Baharia aliyepeleka samaki Dar aliweza kurudi na kanda mfukoni bila kumwomba mtu ruhusa. Bongo Fleva mnaijua, sitairudia. Ila singeli ya Manzese na Tandale imebeba damu ya mchiriku huohuo, ikaongezewa mwendo mpaka masikio ya wazee yakagoma.

Novemba 2018 BASATA ikaufungia wimbo "Mwanza" wa Rayvanny na Diamond Platnumz. Miaka 49 baada ya soul! Kijana niliyepanda naye mashua, madumu ya maji miguuni, alikuwa nao kwenye memori kadi. Nikamwambia umefungiwa huo. "Umefungiwa na nani?" akauliza, wala hakuwa anatania.

Nilitegemea mzee alaani matusi ya singeli. Hakugusa matusi. Lalamiko lake ni kwamba haina mwendo wa kazi: ukipiga randa kwa kuifuata, utaimaliza mbao kabla hujapata ubao. Mjukuu wake amemwekea kwenye simu faili zima la Mlimani Park. Simu inachajiwa kwa sola, na hiyo sola nayo huanikwa palepale karakana, pembeni ya mashua, pale zilipokuwa zikianikwa betri.