Hatua Zisizohesabiwa

Kabla watu hawajaijua Singida kwa alizeti, vitunguu na kuku wa kienyeji, waliijua kwa miguu. Misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji ilipomaliza Ugogo iliingia Mgunda Mkali, pori la vichaka lenye maji ya shida, ambalo leo ni maeneo ya Manyoni na Itigi. Burton na Speke walilipita mwaka 1857, Stanley mwaka 1871. Majina yao ndiyo tunayoyakuta vitabuni. Waliobeba mizigo walikuwa wapagazi, wengi wao Wanyamwezi, kila mmoja na karibu frasila mbili, yaani zaidi ya kilo 30. Pembe za ndovu zilihesabiwa na kupimwa. Hatua hazikuhesabiwa.

Naanza huko kwa sababu siku hizi tunahimizwa kutembea. Desemba 2016, Samia Suluhu Hassan, wakati huo Makamu wa Rais, alizindua kampeni ya kupambana na magonjwa yasiyoambukiza na kuagiza Jumamosi ya pili ya kila mwezi iwe ya mazoezi. Zanzibar tayari ilikuwa na mazoea ya kuianza Januari 1 kwa matembezi na mazoezi ya vikundi. Sasa chalenji zimehamia kwenye simu: hatua 10,000 kwa siku, na jioni unatuma picha ya skrini kwenye kundi la WhatsApp kama ushahidi.

Namba hiyo ina asili yake. Mwaka 1965, mwaka mmoja baada ya Olimpiki ya Tokyo, kampuni moja ya Japani iliuza kifaa cha kuhesabu hatua ambacho jina lake lilimaanisha "kipimo cha hatua 10,000". Ilikuwa namba nzuri ya kuuzia bidhaa kabla wanasayansi hawajaipima. Shirika la Afya Duniani lenyewe linahesabu dakika: angalau 150 kwa wiki za mazoezi ya wastani, na kutembea kwa haraka kumo. Faida kwa moyo, shinikizo la damu na sukari ni ya kweli. Ninachouliza mimi ni nani anaambiwa atembee, na nani anatembea bila kuambiwa.

Katika historia ya njia hii, kutembea kwa hiari ni jambo jipya. Baada ya misafara ikaja kodi ya nyumba, iliyoanzishwa na Wajerumani mwaka 1898, na wanaume wakatembea kutafuta fedha ya kuilipa. Reli ya Kati ilipofika Tabora mwaka 1912, upagazi ulipungua. Miaka miwili baadaye Vita Kuu ya Kwanza ikawarudisha wengi chini ya mizigo, safari hii ya risasi na unga.

Uhuru ulibadili maana ya mguu. Azimio la Arusha lilipotangazwa Februari 1967, vijana walifanya matembezi marefu kuliunga mkono. Seti Benjamin, aliyeanzia Arusha, alifariki njiani kabla ya kufika Dar es Salaam. Oktoba mwaka huohuo Mwalimu Nyerere alitembea kutoka Butiama hadi Mwanza, kiasi cha kilomita 200. Kwa mara ya kwanza kiongozi wa nchi alitumia miguu yake kusema jambo ambalo angeweza kulisema redioni. Njiani aliungana na watu ambao kwao kutembea hakukuwa ishara ya chochote. Ndiyo ilikuwa namna yao ya kufika.

Watu hao bado wapo. Mkoa uliomtoa Alphonce Simbu, bingwa wa dunia wa marathoni mwaka 2025, ni mkavu, na kiangazi mama wa kijijini hutembea kufuata maji, arudi na ndoo kichwani. Anayekaa ofisini mjini Singida, akaja kazini kwa bodaboda na kurudi kwa bajaji, anahitaji chalenji kweli. Mama yule anahitaji bomba. Tukiwapa wote wawili ujumbe mmoja wa "tembea kwa afya yako", tumemwona mmoja tu.

Sisemi chalenji ziachwe. Tunao mfano wa kuziunganisha pande hizi mbili, nao ni matembezi ya hisani. Tangu 2002, washiriki wa Kili Challenge wamekuwa wakipanda Mlima Kilimanjaro kuchangisha fedha za mapambano dhidi ya UKIMWI. Jasho la mmoja linalipia haja ya mwingine. Kwa Singida hesabu inaweza kuwa nyepesi zaidi. Klabu zinazokutana Jumamosi asubuhi kando ya Ziwa Singidani zichague kijiji kimoja, zipime umbali wa kwenda kisimani na kurudi, na kuutembea wenyewe wakiwa na ndoo. Kila kilomita iwe na mchango wake, na mchango uende kwenye kisima kilicho karibu zaidi.

Mshiriki atapata dakika zake 150. Na mwisho wa msimu, pamoja na picha za skrini, kundi litaweza kutangaza namba ambayo njia ya misafara haikuwahi kuitoa: hatua ambazo mtu mwingine hana tena haja ya kuzitembea.