Somo la Historia: Filimbi ya Bwana Galton na Masikio ya Wazee

Wiki hii tunasoma historia, lakini si ya wafalme wala ya vita. Ni historia ya sikio.

Tuanze na jambo unalolijua. Katika madarasa mengi ya watu wazima yupo mzee akaaye nyuma. Mwalimu akisema "saa", yeye huandika "faa". Mwalimu akisema "taa", yeye huandika "kaa". Wenzake hucheka. Baada ya siku chache mzee haonekani tena, na watu husema kichwa chake ni kigumu. Je, kosa ni la kichwa? Wasikilize watu waliolipima jambo hili.

Kwanza, sauti ni nini? Sauti ni mtetemo wa hewa. Ngoma kubwa hutetemesha hewa polepole, na sauti yake ni nene. Filimbi ndogo hutetemesha hewa upesi sana, na sauti yake ni nyembamba. Sikio zima la kijana husikia tangu mitetemo kama 20 hata kufika kama 20,000 kwa sekunde moja.

Mwaka wa 1876 Mwingereza mmoja, Francis Galton, alitengeneza filimbi ndogo ya namna mpya. Kwa kuzungusha parafujo, aliweza kuufanya mlio wake uwe mwembamba zaidi na zaidi, hata usisikike na mtu yeyote. Alitia filimbi ya namna hiyo katika bakora yake, akaweka na mpira wa kubinya, akaenda nayo kwenye bustani ya wanyama. Alibinya mpira, akatazama ni mnyama gani anayetega masikio. Aliona kwamba paka huwashinda wengine.

Kisha aliwapima watu. Katika kitabu alichokitoa mwaka wa 1883 alieleza kwamba mlio mwembamba uliosikiwa wazi na vijana haukusikiwa kabisa na wazee waliokuwa pamoja nao. Tena wazee hao walichukia sana kujua hivyo. Unaona? Hata mabwana wakubwa wa Uingereza waliona haya. Haya hiyo si ya mzee wa darasani kwako peke yake.

Katika miaka ya 1890, daktari wa Uholanzi, Hendrik Zwaardemaker, aliitumia filimbi ya Galton kuwapima watu wa umri mbalimbali. Aligundua kwamba kadiri mtu anavyozeeka, ndivyo sauti nyembamba zinavyomtoka kidogo kidogo, zile nyembamba kabisa zikitangulia.

Sababu yake ni nini? Ndani ya sikio mna kitu kilichojizungusha kama nyumba ya konokono. Humo mna seli kama 15,000 zenye vinywele vidogo mno, nazo ndizo zinazopokea mitetemo. Zile za mlangoni hupokea sauti nyembamba, zile za ndani kabisa hupokea sauti nene. Za mlangoni huchakaa kwanza. Nazo zikifa, hazioti tena.

Lakini je, umri ndio sababu pekee? Twende sasa Afrika, karibu na mpaka wa Ethiopia, katika nchi ambayo leo ni Sudan Kusini. Huko wanakaa Wamabaan. Kuanzia mwaka wa 1960 daktari wa masikio kutoka New York, Samuel Rosen, alikwenda na wenzake kuwapima. Vijiji vyao vilikuwa vimetulia, havina mashine. Matokeo yalitolewa mwaka wa 1962: wazee wa Kimabaan walisikia sauti nyembamba vizuri kuliko Wamarekani wa rika lao. Rosen alifikiri utulivu ulikuwa sababu moja, pamoja na chakula na afya ya mishipa ya damu. Wataalamu wamebishana juu ya sababu hizo, lakini jambo moja ni hakika: kelele kubwa huua seli za sikio, hata za kijana.

Sasa rudi kwa mzee wetu. Sauti za a, e, i, o, u ni nene na zina nguvu. Sauti za s, f, t na k ni nyembamba na dhaifu. Mzee husikia "aa" vizuri, ila herufi ya mwanzo imempotea. Watu husema sikio la kufa halisikii dawa, lakini mzee huyu si mkaidi. Ukimpigia kelele, unaikuza "aa" tu. Basi mkalishe mbele. Mwelekee akuone midomo. Sema polepole, na neno liandike ubaoni.

Na wewe kijana unayefanya kazi kwenye mashine ya kusaga au ya kupasua mbao, ziba masikio yako. Sikio likitoa usaha, au likiziba ghafla, usiseme ni uzee. Nenda hospitali.

Maswali ya kuzungumza darasani

1. Filimbi ya Galton ilionyesha nini juu ya vijana na wazee?
2. Kwa nini mzee huweza kusikia sauti yako asipate neno?
3. Je, yupo mwenzenu aliyeacha darasa kwa sababu hii? Nani atakwenda kumwita?