Inchi Tano za Ziwa Victoria: Karibu Karne Moja ya Kumpima Samaki

Kanuni ya kwanza kubwa ya uvuvi wa kisasa katika Ziwa Victoria ilihusu kipimo kimoja tu, cha jicho la wavu. Mtu aliunyoosha wavu hadi jicho lijifunge, akapima kutoka fundo hadi fundo. Kama urefu haukufika inchi 5, wavu huo ulikuwa haramu. Historia ya kipimo hicho inaeleza kwa nini kitoweo cha mamilioni ya watu wa Afrika Mashariki kimepungua, kimebadilika, na bado kiko hatarini.

Kabla ya nyavu za dukani, wakazi wa mwambao walivua kwa migono, mishipi na vizuizi vya mafunjo. Zana hizo zilivua samaki wa kula na wa kubadilishana kwa nafaka. Mambo yaligeuka reli ilipofika Kisumu mwaka 1901. Samaki wa ziwani sasa waliweza kupelekwa Nairobi na miji mingine, na miaka michache baadaye, takriban 1905, nyavu za makila za kitani zikaingia katika Ghuba ya Winam. Walengwa walikuwa ngege, perege wa asili aliyependwa kuliko samaki wote wa ziwa hilo. Mwanzoni wavu mmoja ulinasa makumi ya ngege kwa usiku mmoja. Ndani ya miaka ishirini na kitu, wavuvi walikuwa wanaondoa samaki wasiofika kumi katika wavu wa urefu uleule.

Serikali ya kikoloni ikamwita mtaalamu wa samaki kutoka Uingereza, Michael Graham. Alizunguka ziwa lote mwaka 1927 na 1928, na ripoti yake ikatoka mwaka 1929. Graham aliona kwamba nyavu za inchi 5 hunasa zaidi ngege waliokomaa, ilhali za macho madogo huzoa wale ambao hawajawahi kuzaa. Kwa hiyo alishauri mambo mawili: wavu wenye jicho chini ya inchi 5 upigwe marufuku, na ziwa lote liwe chini ya mamlaka moja, kwa kuwa samaki hana mpaka. Ushauri wa kwanza uliingizwa katika sheria za Kenya, Uganda na Tanganyika mwanzoni mwa miaka ya 1930. Wa pili ulisubiri hadi mwaka 1947, ilipoundwa Idara ya Uvuvi ya Ziwa Victoria, na idara hiyo haikudumu.

Tatizo la kanuni ya inchi 5 lilikuwa usimamizi. Mwambao wa ziwa ni mrefu, una visiwa na ghuba zisizohesabika, na maofisa walikuwa wachache. Nyavu ndogo ziliendelea kuuzwa na kutumika. Ngege walipozidi kuadimika, hoja ikageuka: kama samaki wakubwa wamekwisha, kwa nini wavuvi wasiruhusiwe kuvua wadogo? Katikati ya miaka ya 1950, Uganda na Tanganyika ziliondoa marufuku hiyo, na Kenya ikafuata mwanzoni mwa miaka ya 1960. Wakati huohuo nyavu za nailoni, imara na zisizooza upesi, zilikuwa zikienea. Ngege na mbiru, perege mwenzake, wakaporomoka. Ningu, ambaye hupanda mito wakati wa mvua ili kuzaa, alitegewa nyavu kwenye midomo ya mito akiwa na mayai tumboni. Hakuna njia ya haraka zaidi ya kumaliza samaki.

Badala ya kulinda waliokuwapo, wakubwa wa wakati ule walileta wengine. Sangara alitolewa Ziwa Albert. Baadhi ya maofisa walimtaka kwa sababu angewala furu wadogo wasio na soko na kuwageuza kuwa minofu. Wengine walimtaka kwa ajili ya starehe, kwani ni samaki mkubwa, mwenye nguvu, anayempendeza mvuvi wa ndoana. Wanasayansi kadhaa walionya. Hata hivyo, kufikia mwaka 1954 sangara alikwisha kuwekwa ziwani upande wa Uganda bila idhini, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 akapandikizwa rasmi. Katika miaka ya 1980 aliongezeka ghafla na kutawala ziwa. Wataalamu wanakadiria kwamba takriban aina 200 za furu zilitoweka.

Viwanda vya minofu vikajengwa Kisumu, Mwanza, Jinja na Entebbe, na sangara akasafirishwa Ulaya. Fedha hizo zilisomesha watoto na kujenga nyumba. Zilileta pia mashindano yaleyale ya zamani: makokoro yanayoburutwa hadi ufukweni yakikomba mazalia, na nyavu za macho madogo zinazobeba sangara wachanga. Mwaka 1994 Kenya, Uganda na Tanzania zilisaini mkataba mjini Kisumu wa kuanzisha Shirika la Uvuvi la Ziwa Victoria, lenye makao yake Jinja. Miaka 65 baada ya ripoti ya Graham, ziwa likapata tena chombo cha pamoja.

Kwa sangara, nchi hizo zilikubaliana juu ya vipimo viwili: asivuliwe aliye chini ya sentimeta 50, wala anayezidi sentimeta 85. Kikomo cha chini humpa samaki nafasi ya kukua. Cha juu huwalinda majike wazee, kwa kuwa sangara jike huchelewa kukomaa kuliko dume, na mmoja aliye mkubwa hubeba mayai kwa mamilioni. Kwa kumtoa yeye majini, mvuvi anaondoa kizazi kizima kwa bei ya samaki mmoja.

Vikundi vya usimamizi wa rasilimali za uvuvi viliundwa kwenye mialo, yaani mahali samaki wanapopakuliwa, ili wavuvi wenyewe walinde maji yao. Kenya hufunga uvuvi wa dagaa kuanzia Aprili hadi Julai. Tanzania ilifanya Operesheni Sangara mwaka 2018, ikachoma nyavu haramu, na Uganda ilipeleka jeshi ziwani. Hatua za nguvu zilipunguza uharamu kwa muda, lakini ziliacha malalamiko mengi mialoni. Moto huteketeza nyavu, na wakati huo maduka yanaendelea kuuza nyingine na wanunuzi wanaendelea kupokea samaki wachanga.

Karibu karne moja ya ziwa hili inathibitisha jambo moja: kila kanuni ilipovunjwa au kufutwa kwa sababu samaki wamepungua, walipungua zaidi. Serikali zizuie nyavu haramu kiwandani, bandarini na dukani kabla hazijafika kwa mvuvi maskini, na vikundi vya mialo vipewe fedha na mamlaka ya kweli. Nasi walaji tuna wajibu. Ukikuta sokoni sangara asiyefika sentimeta 50, au sato, perege mwingine wa ziwa hili, wa chini ya sentimeta 25, usimnunue. Mvuvi havui asichoweza kuuza.