Mawe ya Mazeras: Vazi la Ukuta

Mawe ya Mazeras, yaliyopewa jina la mji ulio kaskazini magharibi mwa Mombasa, ni mawe ya mchanga yanayopasuliwa kuwa vipande bapa. Mafundi huyabandika kwa saruji kwenye kuta za nje. Hayabebi uzito wa nyumba. Ni vazi la ukuta tu.

Uimara wake hutegemea kilicho nyuma yake. Rangi ya zamani isipokwanguliwa, saruji haishiki, na jiwe laweza kumwangukia mpita njia. Maji nayo yakipenya yakakosa pa kutokea, unyevu huila plasta kimyakimya. Safu ya chini isiguse udongo. Iachwe juu kwa sentimita 10 hivi.

Anayejenga nyumbani akiwa ughaibuni, kabla ya kulipia urembo, amuulize fundi: maji yatatokea wapi?