Bakambu, Mayele na mizani ya mshambuliaji aliyezeeka

Ukitaka ugomvi wa bure hapa Goma, nenda Birere, simama karibu na motari watatu na useme kwamba Cédric Bakambu hakustahili kupangwa katika nusu fainali ya Abidjan. Mimi nilifanya hivyo. Mmoja aliniunga mkono, mwingine aliniita mtu asiyejua kabumbu, wa tatu akauliza kwa nini Fiston Mayele alikaa kwenye benchi. Abiria waliokuwa wanangoja pikipiki wakaingia pia. Hakuna aliyesafiri kwa dakika kumi.

Tukumbuke mambo yalivyokuwa. Kombe la Afrika la Côte d'Ivoire, Januari na Februari 2024. Kocha Sébastien Desabre alikuwa na Bakambu, umri miaka 32, mtu aliyefunga sana Villarreal huko Uhispania kisha akaenda China. Mwaka 2019 alifunga mabao mawili tulipoichapa Zimbabwe 4-0. Nyuma yake kulikuwa na Simon Banza, aliyekuwa anafunga kila mara Ureno, na Mayele, ambaye Waswahili wote wanamjua tangu Yanga ya Dar es Salaam, ambako msimu wa 2022-2023 alimaliza na mabao 17 ya ligi. Hata hivyo mara nyingi aliyeanza ni Bakambu.

Na Bakambu hakufunga. Dhidi ya Morocco tulikuwa nyuma 1-0, tukapata penalti, akagongesha mwamba. Bahati nzuri Silas alisawazisha baadaye. Mabao yetu sita ya mashindano yale yaligawanywa hivi: Wissa mawili, Silas moja, Elia moja, Mbemba moja, Masuaku moja. Mshambuliaji wa kati, sifuri.

Kwa mkaaji wa Goma hesabu inaishia hapo, kwa sababu mizani yetu ni ya zamani na ni nzito. Ni mizani ya Ndaye Mulamba. Mwaka 1974, huko Misri, Ndaye alifunga mabao 9 katika Kombe moja la Afrika. Fainali na Zambia ilikwisha 2-2, ikarudiwa baada ya siku mbili, tukashinda 2-0. Mabao yote manne ya Zaire yalikuwa yake. Rekodi ile haijavunjwa. (Jinsi nchi ilivyomsahau mtu huyo mpaka akafa Johannesburg mwaka 2019 ni habari nyingine, na ni ya aibu.) Wazee waliomsikia Ndaye kwenye redio wakimweka kila mshambuliaji juu ya mizani hiyo, hakuna anayefika hata nusu.

Lakini Ndaye wakati ule alikuwa kijana. Kwa mchezaji mwenye umri mkubwa inafaa tumtazame mtu mwingine: Roger Milla wa Kameruni.

Mwaka 1990 Milla alikuwa na miaka 38 na alikuwa amekwenda kucheza kisiwani La Réunion. Rais Paul Biya mwenyewe ndiye aliyetaka arudishwe timu ya taifa. Kocha Valeri Nepomniachi, kutoka Umoja wa Kisovieti, akajikuta na tatizo lile lile la Desabre lakini limegeuzwa. Mzee alikuwa bado na jicho la bao. Miguu ya kufukuza mabeki dakika 90 hakuwa nayo.

Jibu lake lilikuwa la akili: Milla hakuanza mechi hata moja Italia. Dhidi ya Romania aliingia dakika ya 58, akafunga mawili. Dhidi ya Kolombia aliingia kipindi cha pili, na katika dakika za nyongeza akafunga mawili tena, lile la pili baada ya kumpokonya kipa Higuita mpira mbali na lango. Wenzake walikimbia na kukaba kwanza, wapinzani wakachoka, ndipo mzee akaingia na pumzi mpya.

Bei ya mpango huo ilionekana robo fainali. Kameruni walikuwa nyuma 1-0 mbele ya Uingereza. Milla akaingia baada ya mapumziko, akaangushwa, ikawa penalti na bao la Kundé. Dakika nne baadaye akampa Ekéké pasi, 2-1. Zilibaki dakika 25 za kulinda, na Kameruni wakaendelea kushambulia kama watu wanaodaiwa. Lineker akapata penalti dakika ya 83, nyingine katika muda wa nyongeza, 3-2. Simlaumu Milla peke yake: wenzake wanne walikuwa wamefungiwa siku hiyo. Lakini timu inayomtegemea mtu asiyeweza kukaba lazima ijue itafanya nini ikishaongoza.

Mwaka 1994 akarudi tena, miaka 42, akafunga dhidi ya Urusi na kuwa mfungaji mwenye umri mkubwa kuliko wote katika Kombe la Dunia. Watu wanakumbuka bao lile. Wachache wanakumbuka kwamba Kameruni walifungwa 6-1.

Sasa turudi Abidjan. Ukitazama upande wa pili wa mizani, Desabre hakuwa mjinga. Katika mechi saba Léopards walifungwa mabao matano tu, moja moja na Zambia, Morocco, Misri, Guinea na Côte d'Ivoire. Ndani ya dakika 90 tulishinda mechi moja, ile ya Guinea 3-1, lakini tulikuwa vigumu kufungwa, na ulinzi huo ulianzia mbele. Nilimwona Bakambu akimsumbua beki mwenye mpira, akirudi katikati, akiwaachia njia Wissa na Elia. Kazi hiyo haihesabiwi na mtu yeyote kwenye buvette. Timu iliyokosa kabisa Kombe la Afrika lililotangulia iliingia nusu fainali kwa kazi kama hiyo.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu, na motari wanikasirikie. Bakambu kuanza ilikuwa sawa. Usiku ule mapema alitia mpira wavuni, refa akakataa kwa sababu aliupiga kutoka mikononi mwa kipa. Kosa ninaloliona ni la baada ya dakika ya 65, Haller alipofunga. Kuanzia hapo kukaba hakukuwa na faida tena, tulihitaji bao tu, na benchi la mabao lilitakiwa limwagwe lote palepale, kama Nepomniachi alivyofanya bila kungoja. Tulipoteza 1-0. Siku tatu baadaye Afrika Kusini wakatushinda kwa penalti baada ya 0-0, na tukawa wa nne.

Kuna kitu kingine kuhusu Februari 7, 2024, na sijui nikiweke upande gani wa mizani. Kabla ya mechi, wimbo wa taifa ukiimbwa, wachezaji walifunika mdomo kwa mkono mmoja na kuelekeza vidole viwili kwenye kichwa kama bunduki. Walikuwa wanasema juu yetu, watu wa mashariki. Bakambu alikuwa ameandika mtandaoni kwamba kila mtu anaona mauaji ya huku na kila mtu ananyamaza.

Wakati huo vita vilikuwa Sake, kilomita 25 hivi kutoka hapa. Asubuhi iliyofuata barabara ilijaa watu wakija Goma na magodoro kichwani. Katika Majengo, nikiwa na kinasa sauti mkononi, nilimwuliza kijana aliyefika usiku kama alipata kuona mechi. Alisema hapana, aliisikia kwenye redio njiani. Halafu akaniuliza Mayele aliingia dakika ya ngapi.